Uzito Uko Wapi? Mhadhara juu ya Momenti na Vyombo vya Ziwa Tanganyika



Mada ya leo ni momenti. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo katika fizikia kama mstari mmoja wa kukariri: momenti ni kani mara umbali kutoka kwenye egemeo. Mtihani ukishapita, mstari huo humtoka kichwani. Huwa nasikitika, kwa sababu katika fizikia yote tunayofundisha sijui somo lenye kazi nyingi kwenye mwalo huu wa Katonga, Kigoma, kuliko hili. Dagaa wanaoanikwa hapa wamevuliwa usiku na watu waliosimama juu ya ziwa lenye kina kinachofika takriban mita 1,470. Kilichowazuia wasipinduke ni momenti.

Tukiuona mzigo, swali letu la kwanza ni: una kilo ngapi? Momenti inaongeza swali la pili: uko wapi? Nakusudia kuonyesha kwamba ziwani swali la pili limeua watu wengi kwa kutoulizwa, na kwamba tunaweza kulijibu kwa dumu, uzi na futi ya seremala.

Tuanzie nchi kavu, kwenye mawese. Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa michikichi, na wengi wenu mmekamua au mmewaona wakamuaji wakiwa kazini. Chikichi zilizochemshwa hutiwa kwenye pipa lililosimamishwa. Katikati ya pipa kuna mhimili wenye vipande vya kupondea, na juu yake umefungwa mti mrefu wa kulala. Watu huushika mti huo na kuzunguka pipa mpaka nyama ya chikichi iachane na kokwa. Angalia mikono yao inashika wapi: hakuna anayeshika karibu na pipa. Wote wako nchani, ingawa huko nchani ndiko njia ilikoongezeka urefu.

Tuweke tarakimu. Tuseme mhimili ule unahitaji momenti ya nyutoni mita 200 ili uzunguke. Ukishika mti mita 1 kutoka katikati, lazima usukume kwa nyutoni 200, karibu sawa na uzito wa dumu la maji la lita 20. Ukishika mita 2 kutoka katikati, nyutoni 100 zinatosha. Lakini duara la mita 2 ni refu mara mbili ya duara la mita 1, kwa hiyo kazi ya mzunguko mmoja ni ileile, takriban jouli 1,257 kwa njia zote mbili. Urefu wa mti umepunguza jasho la mikono na kuongeza hatua za miguu. Hakuna kilichopatikana bure.

Kuna jambo moja hapa ambalo vitabu hulitaja kwa haraka mno. Umbali unaohesabiwa ni ule unaokutana na kani kwa pembe mraba. Mtu anayeusukuma mti kwa mshazari hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa kuukandamiza mti kuelekea kwenye mhimili, na sehemu hiyo haizungushi kitu. Akiusukuma moja kwa moja kuelekea katikati, hata wakija watu kumi kumsaidia, pipa halitazunguka. Kani ipo, tena kubwa, ila momenti yake ni sifuri.

Mafundi wa meli walilijua tatizo hili vizuri. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Kigoma kwa meli na reli ndani ya masanduku takriban 5,000, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Kwa miaka mingi iliendeshwa na injini mbili za mvuke. Katika injini ya mvuke, kila krenki inapozunguka mara moja kuna nukta mbili ambapo fimbo ya pistoni inaelekea moja kwa moja kwenye mhimili. Mvuke unasukuma kwa nguvu zake zote na krenki haipati momenti yoyote. Dawa ya mafundi wa meli ilikuwa kuweka silinda kadhaa na kuzipishanisha krenki zake, ili moja inapofika penye sifuri nyingine ziwe zinasukuma.

Sasa twende majini. Kwenye mtumbwi hakuna egemeo la kuonekana kwa macho, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Kani mbili zinashindana. Ya kwanza ni uzito wa mtumbwi pamoja na watu, nyavu, injini na samaki. Huo unavuta kwenda chini kupitia nukta moja tunayoiita kitovu cha uzito. Ya pili ni kani eleo, yaani maji yanavyousukuma mtumbwi kwenda juu. Hii hupitia katikati ya ile sehemu iliyozama. Mtumbwi ukikaa sawa, kani hizi mbili ziko kwenye mstari mmoja wa wima na hakuna kinachozunguka. Ukiinama kulia, upande wa kulia unazama zaidi, kwa hiyo katikati ya sehemu iliyozama inahamia kulia. Kani eleo sasa inasukuma juu ikiwa kulia ya kitovu cha uzito. Kani mbili zilizo sawa, moja ikienda juu na nyingine chini, zikiwa na nafasi kati yake, hufanya momenti. Momenti hiyo inaurudisha mtumbwi wima.

Hiyo ni pale ambapo kitovu cha uzito kiko chini vya kutosha. Kikipanda mno, mtumbwi ukiinama kitovu hicho nacho kinaning'inia kulia, kinaipita kani eleo, na momenti inageuka upande. Badala ya kuurudisha mtumbwi, inaumalizia kuupindua. Mabadiliko hayo hayaji polepole ili watu wajiandae. Chombo kilichokuwa kimetulia huanza kwenda, na kikishaanza hakingoji.

Mfaransa Pierre Bouguer alionyesha mpaka uko wapi katika kitabu chake cha mwaka 1746 kuhusu vyombo vya majini. Alionyesha kwamba kuna nukta juu ya sehemu iliyozama, aliyoiita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya nukta hiyo, chombo hurudi. Kikiwa juu yake, hupinduka. Nafasi iliyopo kati ya kitovu cha uzito na metasenta tuiite akiba ya chombo. Mengine yote nitakayosema leo yanahusu namna akiba hiyo inavyopatikana na namna inavyopotezwa.

Nitafanya hesabu kwa mtumbwi wenye umbo la sanduku, kwa kuwa hesabu yake ni fupi na haitupeleki mbali na ukweli. Tuseme upana wake ni mita 1.2 na umezama mita 0.4. Kutoka sakafuni hadi katikati ya sehemu iliyozama ni mita 0.2. Kutoka hapo hadi kwenye metasenta ni kipeo cha pili cha upana, kugawanya kwa 12 mara kina cha kuzama: 1.44 kugawanya kwa 4.8, inakuwa mita 0.3. Metasenta basi iko mita 0.5 juu ya sakafu. Ni karibu usawa wa goti la mtu mzima aliyesimama. Kitovu cha uzito cha mtu aliyesimama kiko karibu na kitovu chake cha tumbo, kama mita moja kutoka miguuni. Mtumbwi ukijaa watu waliosimama, kitovu cha uzito cha wote kwa pamoja kinapanda juu ya ile nusu mita, na akiba inakwisha kabla wimbi halijafika. Watu walewale, kilo zilezile, wakikaa sakafuni, mtumbwi huohuo unawabeba salama.

Tazameni pia jinsi upana ulivyoingia kwenye hesabu. Umeingia kwa kipeo cha pili. Ukiongeza upana mara mbili, ile mita 0.3 inakuwa 1.2, mara nne. Wanahisabati huliita jambo hili momenti ya pili ya eneo: kila kipande cha uso wa maji ambacho chombo kimekikalia kinahesabiwa kwa kipeo cha pili cha umbali wake kutoka mstari wa katikati. Kipande kilicho mbali kina kazi kubwa kuliko vingi vilivyo karibu.

Hapo ndipo mitumbwi pacha inaponifurahisha kuliko kitu chochote kwenye ufuo huu. Mtindo wa kufunga mitumbwi pamoja kwa miti na kushusha chini yake wavu wa kuinua, taa zikiwaka juu kuwaita dagaa, ulianza kuenea upande wa kaskazini wa ziwa, Burundi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Chukueni mitumbwi miwili ya sanduku, kila mmoja upana wa mita 1, imezama mita 0.4, na kati ya mstari wa katikati wa mmoja na wa mwenzake kuna mita 5. Mtumbwi mmoja ukiwa peke yake, metasenta iko mita 0.21 juu ya katikati ya sehemu iliyozama. Ikifungwa pamoja, inakuwa mita 15.8. Ni mara 76. Mbao hazikuongezeka zaidi ya mara mbili, pamoja na miti michache na kamba. Kilichoongezeka ni umbali. Ndiyo maana wanaume wanaweza kusimama wote, wakatembea juu ya miti gizani na kuinua wavu uliojaa, huku chombo kikiwa kimetulia.

Wakati huohuo, umbali huo una gharama yake. Wimbi likiinua mtumbwi wa kushoto wakati wa kulia uko bondeni, miti inayoiunganisha inapinda. Hapo tunakutana na momenti ya mpindo. Haizungushi chombo kizima, inataka kuukunja mti wenyewe, na ni kubwa zaidi kwenye ncha, pale mti unapoanza kushikwa na mtumbwi. Katikati ni ndogo. Kwa hiyo mti hukatika au hulegea kwenye vifungo, na ndiko jicho la nahodha linakopaswa kwenda kila jioni kabla ya kutoka: kamba iliyosagika, ufa mdogo kwenye mti karibu na ubavu, msumari ulioanza kucheza. Kuimarisha mti katikati na kuacha vifungo vichakae ni kupoteza mbao.

Momenti ya inersia nitaigusa kwa ufupi, ingawa kwenye mitaala inachukua sura nzima. Ni Leonhard Euler aliyeipa jina na kuipanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1765. Kitu kinachozunguka hukaidi kubadilishwa mwendo, na ukaidi huo unapimwa kwa masi mara kipeo cha pili cha umbali kutoka mhimili. Gurudumu zito la mashine ya kusagia muhogo limejazwa chuma pembeni kwa sababu hiyo. Ziwani inatuhusu hivi: mkirundika mzigo mbele kabisa na nyuma kabisa, mtumbwi unakuwa mzito kuinua pua. Wimbi linafika kabla pua haijapanda, na maji yanaingia. Mzigo uleule ukiwekwa katikati, pua inapanda upesi na wimbi linapita chini.

Maji yakishaingia, twende taratibu, maana hapa watu wengi hudhani hatari ni uzito wa maji. Uzito ni hatari ndogo. Maji yaliyo huru sakafuni hayakai mahali pamoja. Mtumbwi ukiinama kulia, yanakimbilia kulia na kuongeza mwinamo. Hesabu yake inashangaza: maji yaliyotandaa upana wote na urefu wote wa lile sanduku letu, hata yakiwa ya kimo cha vidole vichache, yanakula mita 0.3 yote tuliyoipata kutokana na upana. Metasenta inashuka kutoka mita 0.5 hadi mita 0.2 juu ya sakafu, chini ya kitovu cha uzito cha karibu mzigo wowote mnaoujua. Mtumbwi unalala upande mpaka maji yarundikane ubavuni. Kuchota maji mapema ndiko kunakourudishia mtumbwi momenti yake. Kwa sababu hiyohiyo mawese yaliyofungwa kwenye madumu yaliyojaa ni mzigo mtulivu kuliko mafuta yaleyale kwenye pipa kubwa lililojaa nusu.

Wazee wangu, sasa naingia mahali penye uchungu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Habari za siku zile zilieleza kwamba abiria walihamia upande mmoja kivuko kilipokaribia kufika. Nchi nzima ilizungumza juu ya idadi, na ilikuwa haki kuzungumza. Lakini tukiishia kwenye idadi tutakuwa tumejibu swali la kwanza tu. Chombo kilichobeba kupita kiasi kinaweza kuvuka ziwa lote na kupinduka mita chache kutoka gatini, kwa sababu gatini ndipo watu wanaposimama wote kwa pamoja na kusogea wote upande mmoja. Kusimama kunapandisha kitovu cha uzito. Kusogea kunakipeleka pembeni. Mambo mawili mabaya yanafanyika kwa dakika moja, na kilo haikuongezeka hata moja.

Hesabu ya kusogea ni rahisi. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa takriban nyutoni 690. Akihama mita 2 kutoka kushoto kwenda kulia, ameongeza momenti ya kuinamisha ya takriban nyutoni mita 1,380. Watu 50 wakifanya hivyo, ni nyutoni mita 69,000.

Katika ziwa letu sehemu nyingi hazina gati. Waliosafiri na Liemba kwenda kusini wanakumbuka: meli inasimama mbali na ufuo, honi inapigwa, mitumbwi inakuja mbio kutoka kijijini, na watu, magunia ya mahindi, mbuzi na watoto vinapandishwa na kushushwa kwenye mlango wa ubavuni. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipokusanyika kijijini Kagunga kwa maelfu, ndivyo walivyochukuliwa kuletwa Kigoma, wakipelekwa kwa boti ndogo hadi ilipo meli. Kwa Liemba, yenye upana wa kama mita 10, watu mia wakikimbilia ubavu mmoja, meli huinama kidogo na kubaki hapo. Kwa mtumbwi uliokuja kuwachukua, mambo ni mengine kabisa. Mtu mmoja anayesimama kupokea gunia kutoka juu, akilinyoosha nje ya ubavu, anaweza kumaliza akiba yote.

Sheria za bahari zina alama nzuri ambayo meli nyingi zinayo ubavuni, ile iliyopewa jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya mwaka 1876. Maji yakifika kwenye alama, acha kupakia. Ninaiheshimu sana, imeokoa mabaharia wengi. Lakini alama ile inapima kilo. Meli iliyopakia hadi kwenye alama na mzigo wake ukiwa chini, na meli iliyopakia hadi kwenye alama hiyohiyo na mzigo wake ukiwa juu ya paa, zinaonekana sawa ukizitazama kutoka ufuoni. Kwa vyombo vyetu vidogo, ambavyo vingi havina hata alama hiyo, sioni sababu ya kuishia kwenye kuhesabu vichwa. Naomba kila chombo cha abiria kinachotoka hapa kiwe na kanuni mbili: mzigo mzito sakafuni na katikati, na hakuna anayesimama mpaka kamba ifungwe, kisha watoke mmoja mmoja kwa zamu ya nahodha. Hazigharimu shilingi.

Akiba yenyewe inaweza kupimwa. Waunda meli hulifanya jaribio hili kwa kila meli mpya, na nimemwomba nahodha mmoja hapa mwaloni atuazime mtumbwi kesho asubuhi, maji yakiwa yametulia, mahali pa kina cha kiunoni, kila mtu akiwa na jaketi okozi. Tutapima urefu na upana wa sehemu iliyozama na kina chake, tupunguze kwa ajili ya ncha zilizochongoka, tupate ujazo wa maji yaliyosukumwa. Kila mita moja ya ujazo ni kilo 1,000. Tuseme tumepata kilo 2,000 pamoja na watu waliokaa sakafuni. Tutaning'iniza uzi wa mita 1 wenye jiwe nchani, na futi ya seremala chini yake. Kisha tutahamisha madumu matatu ya maji yaliyojaa, kilo 60, kutoka katikati hadi mita 1 upande wa kulia, na kusoma jiwe limehama sentimita ngapi.

Likihama sentimita 10, akiba ni 60 mara 1, kugawanya kwa 2,000 mara 0.1. Mita 0.3. Kwa kulinganisha, kanuni za kimataifa za meli kubwa za uvuvi zenye sitaha moja zinadai isipungue mita 0.35. Baada ya hapo madumu yatarudishwa katikati, na watu sita wa kilo 70 watasimama, mmoja baada ya mwingine, kwenye mstari wa katikati. Kila mmoja akiinuka kutoka sakafuni, kitovu chake kinapanda kama mita 0.6. Kwa wote sita, kitovu cha chombo kizima kitakuwa kimepanda karibu sentimita 13, na akiba itashuka kutoka mita 0.3 hadi takriban 0.17. Tukihamisha madumu yaleyale matatu umbali uleule, jiwe litahama zaidi ya sentimita 17. Wanafunzi mje na kalamu. Manahodha mje na mitumbwi yenu, kwa kuwa kila mmoja una akiba yake na haufanani na wa jirani.